Gogo la pleko: mti gani uingie kwenye tangi, na uandaliwe vipi

Madukani pleko, samaki wa kufugwa kwenye tangi la vioo, huuzwa kwa sifa mbili: kwamba anasafisha vioo, na kwamba anakula mti. Mnunuzi anarudi nyumbani na samaki wa urefu wa kidole, anamtafutia gogo, analizamisha ndani ya tangi, na anaona kazi imekwisha. Miezi michache baadaye tumbo la samaki yule limebonyea, macho yamezama, na mwenye tangi haelewi vipi anakondea juu ya chakula chake. Kuna mwingine anayemlisha vizuri tu, lakini gogo aliloliokota lina utomvu mkali au dawa ya mbao, na asubuhi moja anakuta samaki wote wanaelea. Misiba hii miwili inaonekana tofauti ila chanzo chake ni kimoja: hatujajua gogo linafanya nini likiwa majini. Likishaeleweka hilo, kuchagua mti na kuuandaa hakuna siri kubwa.

Je, pleko anakula mti?

Pleko si samaki mmoja. Ni jina la jumla la jamii ya kambale iitwayo Loricariidae, yenye spishi zaidi ya 900, ambao asili yao ni mito ya kuanzia Costa Rica na Panama hadi kaskazini mwa Ajentina. Hawana ngozi tupu kama kambale wetu. Mwili umefunikwa kwa mabamba ya mfupa, na mdomo wa kunyonya uko chini ya kichwa. Wako wengi kiasi kwamba mwaka 1988 jarida la Kijerumani la DATZ lilianza kuwapa namba zinazoanza na herufi L, kwa kuwa samaki walikuwa wakifika sokoni kabla wanasayansi hawajawapa majina. Ndiyo maana pleko wa bei kubwa huuzwa kwa namba. Ukinunua, uliza namba hiyo au jina la kisayansi, maana bila kujua una pleko gani huwezi kujua gogo litamfaa kwa lipi.

Wanaoonekana zaidi kwenye maduka ni wawili. Wa kwanza ni pleko wa kawaida, Pterygoplichthys, anayeuzwa akiwa mdogo wa kupendeza na baadaye kufikia sentimita 40 au zaidi. Wa pili ni pleko wa sharubu, Ancistrus, ambaye huishia sentimita 12 hadi 15 na ndiye ninayemshauri mtu yeyote mwenye tangi la lita 100 au 150. Hawa wawili wana meno mengi membamba, yaliyopangwa mstari mmoja, ya kukwangulia utando na mwani juu ya kitu kigumu. Hawatafuni mti. Wanausugua.

Anayeutafuna kweli ni Panaque na jamaa zake wa karibu, Panaqolus. Meno yake ni machache, yenye umbo la kijiko, na anaweza kuchimba mtaro kwenye gogo gumu. Usiku nyumba ikitulia unamsikia akikwangua. Asubuhi sakafu ya tangi imejaa kinyesi chake, nyuzi ndefu za kahawia ambazo ukizivunja kwa vidole unakuta ni unga wa mbao mtupu, karibu kama ulivyotoka msumenoni.

Unga huo ndio ushahidi. Mwaka 2009 mtafiti wa Marekani Donovan German alichapisha matokeo ya uchunguzi wa matumbo ya kambale hawa wanaotafuna mti. Alikuta mti unapita tumboni kwa muda usiofika saa 4, muda mfupi mno kwa selulosi, yaani nyuzi ngumu za mti, kuvunjwa, na samaki waliolishwa mti maabara walipungua uzito. Mchwa na ng'ombe, wanaoishi kweli kwa nyuzi za mimea, huzishikilia tumboni muda mrefu huku vijidudu vikizifanyia kazi. Pleko hana nafasi hiyo. Anachopata kwenye gogo ni vile vitu laini ambavyo kuvu na bakteria wa mtoni wameshavitoa kwenye mti uliolainika, pamoja na hao kuvu na bakteria wenyewe. Watafiti wengine baadaye walikuta kwenye utumbo wa Panaque bakteria wenye uwezo wa kuvunja selulosi na wengine wanaonasa naitrojeni, kwa hiyo mti haumpiti bure kabisa. Lakini samaki wa kwenye tangi hana mto mzima wa magogo ya miaka mingi ya kuzungukia. Ana kipande kimoja, mara nyingi kipya na kigumu, chenye utando wa wiki mbili.

Kwa hiyo mlishe. Boga, tango lililokatwa vipande, mchicha uliochemshwa kidogo, njegere zilizomenywa, na vidonge vya kuzama vyenye protini kiasi. Toa mabaki asubuhi kabla hayajachacha. Pia kuna pleko wasio na habari na mboga: Hypancistrus wa mto Xingu nchini Brazili, mwenye mistari myeusi na meupe, hupendelea nyama ya wadudu na kamba. Kumfungia na gogo na tango ni kumwua polepole.

Kama mti si chakula, kwa nini tusiuache? Kwa sababu mbili. Gogo ni mahali chakula kinapoota: uso wake wenye vinyweleo hushika utando wa bakteria, mwani na vijidudu kuliko kioo kinavyoweza, na pleko mdogo hushinda hapo mchana kutwa. Na gogo ni nyumba. Pleko ni samaki wa usiku. Asiye na kivuli hukaa na hofu, hafungui mapezi, wala hali chakula. Dume la Ancistrus huhitaji tundu la kuita jike, kisha hukaa humo akipepea mayai kwa mapezi mpaka yaanguliwe. Wapo wanaowazalisha kwenye tangi tupu lenye vijumba vya udongo na wanafanikiwa, kwa hiyo sitasema bila gogo Ancistrus atakufa. Lakini kati ya pleko aliye na gogo na asiye nalo, tofauti inaonekana kwa macho, kuanzia rangi hadi namna anavyokula.

Kinachotoka kwenye mti na kuingia majini

Hapa ndipo makosa mengi yanapozaliwa, na hapa ndipo nataka tukae kidogo.

Samaki hupumua maji. Chochote kilichoyeyuka majini hupita kwenye matamvua, utando mwembamba uliotenganisha maji na damu, saa 24 kwa siku. Kwa hiyo swali la kujiuliza mbele ya mti wowote ni kipi kitayeyuka kutoka humo, na kitaendelea kuyeyuka kwa muda gani.

Kitu cha kwanza ni tanini. Watu wa pwani wanaijua kwa vitendo: magome ya mkandaa, mmoja wa miti ya mikoko, yametumika tangu zamani kutia rangi na kulainisha ngozi. Ni tanini hiyohiyo, ya aina mbalimbali, inayotoka kwenye gogo na kuyapa maji rangi ya chai ya mkandaa. Haiwadhuru pleko. Wengi wao wametoka kwenye mito yenye maji ya namna hiyo. Rio Negro, mkono mkubwa wa Amazon, una maji meusi ya tanini na asidi za majani yaliyooza, na pH yake, yaani kipimo cha asidi ambacho hushuka kadiri asidi inavyozidi, huwa kati ya 4 na 5 hivi. Tanini hupunguza mwanga na hivyo hupunguza mwani, hushikana na baadhi ya metali majini, na huzuia kuvu kushambulia mayai. Anayeichukia anaichukia kwa macho yake tu, na mkaa maalumu wa chujio utamwondolea rangi hiyo ndani ya siku chache.

Ila tanini ni asidi, na inachofanya kwenye tangi lako kinategemea maji yako kuliko inavyotegemea mti. Maji ya visima vya Zanzibar, Mombasa na sehemu kubwa ya pwani hupita kwenye mwamba wa matumbawe, ambao ni chokaa. Yamejaa kaboneti, na kaboneti humeza asidi inapoingia. Weka gogo kubwa humo: rangi itabadilika, pH haitasogea. Anayetaka kushusha pH ya maji ya kisima kwa magogo anajichosha bure.

Maji laini ni habari nyingine. Maji ya mvua yanayokingwa kwenye bati hayana kaboneti karibu kabisa, na maji ya bomba ya Nairobi, ambayo sehemu kubwa hutoka bwawa la Ndakaini kwenye milima ya Aberdare, nayo ni laini. Gogo jipya lisilolowekwa, kwenye tangi dogo la maji kama hayo, linaweza kuishusha pH hadi chini ya 6. Pleko wengi watavumilia. Watakaolemewa ni bakteria wa kwenye chujio wanaogeuza amonia kuwa nitrati: kazi yao hupungua kadiri asidi inavyozidi, uchafu wa samaki hulundikana bila kuonekana, na siku ukibadilisha maji mengi kwa mara moja pH inapanda, amonia inageuka kuwa ya sumu zaidi, na samaki wanaanza kuhema. Mtu anadhani gogo lilikuwa na sumu, kumbe lilikuwa salama; maji ndiyo hayakuwa na kinga.

Namna ya kujua ni rahisi. Tia gogo kwenye ndoo yenye maji yaleyale unayoyatumia, na maji mengine kiasi hichohicho kwenye ndoo ya pili bila gogo. Pima pH ya zote mbili leo, kisha baada ya wiki. Kama tofauti ni ndogo, endelea. Kama ya gogo imeshuka sana, liloweke zaidi, au weka kipande kidogo, au ongeza kaboneti kwa kutia mfuko wa vipande vya matumbawe au makombe kwenye chujio. Na kama unafuga sikilidi wa Ziwa Tanganyika, ambalo pH yake inakaribia 9, pamoja na pleko, weka mawe mengi na mti kidogo, uliokwisha kutoa rangi yake yote. Sikilidi hao hawakuumbiwa maji ya tanini.

Kitu cha pili ni utomvu na sukari za mti mbichi. Mti uliokatwa jana bado una chakula ndani yake, na bakteria watakigombania mara tu ukiingia majini. Maji yanakuwa na ukungu, oksijeni inashuka. Kumbuka kwamba maji ya nyuzi 27, ambayo pleko wanayapenda, hata yakijaa oksijeni hubeba takriban miligramu 8 tu kwa lita. Pterygoplichthys anaweza kupanda juu na kumeza hewa, tumbo lake likamsaidia kupumua. Panaque na Hypancistrus wamezoea maji yanayokimbia na hawawezi kuvumilia upungufu kwa muda mrefu. Ndiyo maana mti wa tangi lazima uwe umekauka wenyewe, si kwa siku tatu za jua bali kwa miezi, mpaka ganda linajibandua na ukiugonga unalia kwa sauti kavu.

Kitu cha tatu ni sumu halisi. Wavuvi wanajua: mtupa, ule mmea unaopandwa mashambani kufukuza fuko, ukipondwa na kutiwa mtoni hulewesha samaki wote, kwa sababu una rotenoni inayozuia seli kutumia oksijeni. Maziwa ya mnyaa wa kwenye ua nayo yametumika hivyohivyo. Miti hiyo hakuna atakayeiweka kwenye tangi akijua, lakini inatufundisha kwamba mti usio na neno kwa mbuzi au mtu unaweza kuwa msiba kwa kiumbe anayepumua maji.

Na cha nne ni kuoza. Bonyeza gogo kwa kucha. Ikizama, achana nalo. Mti uliolainika hadi ndani hufanya mifuko isiyofikiwa na oksijeni, humo hutengenezwa gesi yenye harufu ya yai bovu, na gesi hiyo ni sumu kwa samaki.

Mti upi, basi

Madukani utapata mopane, mti wa nchi za kusini kama Zimbabwe, Zambia na Botswana. Ni mzito, huzama wenyewe mara nyingi, upande mmoja mweusi na mwingine wa rangi ya mchanga, na hutoa tanini kwa miezi. Utapata pia mizizi myembamba yenye matawi mengi inayouzwa kwa ajili ya urembo. Ni salama lakini huelea kwa wiki nyingi, na Panaque ataimaliza upesi. Kama una pesa na huna subira ya kutafuta, nunua mopane.

Kwa aliye na subira, mti ninaoupenda kuliko yote ni mpera. Uko kila mahali, hupogolewa kila mwaka, ni mgumu, na gome lake hujibandua lenyewe likaacha uso laini ambao hauna cha kuoza. Tawi kavu la mpera lenye unene wa kifundo cha mkono, lenye panda mbili tatu, linafaa kwa Ancistrus kuliko vitu vingi vinavyosafirishwa kutoka mbali. Majani yake makavu nayo yanafaa. Lakini usije ukadhani ndugu zake wote ni salama: mkaratusi ni wa jamii moja na mpera, na mafuta yake makali hayafai kabisa tangini. Ukoo wa mti haukupi jibu.

Mkorosho na mwembe ni wa jamii moja pia, na utomvu wa wote wawili huunguza ngozi, wa mkorosho zaidi. Wapo wanaotumia mwembe mkavu. Mimi siutumii, kwa sababu hata ukiwa salama ni mlaini na huoza mapema. Mwarobaini uache kabisa, dawa iliyomo ndani yake si ya samaki. Misonobari na miti mingine yenye ulimbo nayo iache. Mnazi na mianzi si sumu, ila mnazi huchambuka nyuzinyuzi na mianzi huoza kwa ndani usione.

Kifuu cha nazi, kwa upande mwingine, ni zawadi. Kichemshe, toa nyama yote iliyobaki, toboa mlango, na una pango ambalo Ancistrus atalipigania. Na ukiishi karibu na mkungu, ule mti wa kivuli wenye majani mapana yanayokuwa mekundu kabla ya kudondoka, okota majani yaliyokauka chini yake. Majani hayohayo hufungwa kwenye pakiti na kuuzwa kwa wafugaji wa samaki duniani kote. Hutoa tanini taratibu, na vitoto vya pleko hula utando unaoota juu yake mpaka libaki tandabui la mishipa tu.

Mikoko inavutia, mizizi yake ina maumbo ambayo hakuna fundi anayeweza kuyachonga. Usiikate. Misitu ya mikoko imehifadhiwa kisheria Tanzania na Kenya. Kilichotupwa ufukweni na bahari ni kimekufa tayari, lakini kimejaa chumvi hadi kiini, na mara nyingi kimetobolewa na funza wa bahari, kwa hiyo kinaendelea kutoa chumvi wiki baada ya wiki hata kama ulikichemsha. Ukikitaka hasa, kiloweke kwenye maji ya bomba kwa miezi, ukipima maji kwa kipimo cha madini yaliyoyeyuka, mpaka maji yaliyokaa nacho wiki nzima yawe sawa na yaliyotoka bombani. Magogo ya ufukwe wa Ziwa Victoria hayana shida hiyo. Pale hatari ni yako wewe: konokono wa kichocho wako kwenye maji ya kando, kwa hiyo okota yaliyokauka juu ya mchanga, usiingie majini kuyavuta.

Kuna magogo mengine mazuri kwa macho ambayo historia yake ni mbaya. Kisiki cha mbuni mzee kimejikunja kwa namna ya kupendeza, lakini mashamba ya kahawa hupuliziwa mrututu na dawa nyingine za shaba kupambana na magonjwa, mwaka hadi mwaka, na shaba ni sumu kwa samaki hata kwa kiasi kidogo, na kwa konokono na kamba zaidi. Mbao na nguzo zilizotiwa dawa, hasa zile zenye rangi ya kijani hafifu, zinaweza kuwa na shaba, kromiamu na aseniki; hakuna kuchemsha kunakoziondoa. Mpingo huzama kama jiwe, na mabaki ya wachongaji yanatamanisha, lakini kiini chake cheusi kimejaa kemikali ambazo huwawasha hata mafundi, na vinyago vya kuuza mara nyingi hupakwa nta au rangi ya viatu. Ubaki sebuleni.

Kuandaa

Anza kwa kisu na brashi ngumu. Bandua gome lote, kwangua kila sehemu laini mpaka ufike mbao ngumu, kata ncha kali na uzipige msasa, kwa sababu pleko akishtuka hukimbia bila kuangalia. Hakuna sabuni.

Kisha chemsha. Watu wengi hudhani kuchemsha ni kwa ajili ya kuua vijidudu tu. Kazi yake kubwa ni kuzamisha. Nyama ya mti wenyewe, ukiondoa hewa, ni nzito kuliko maji kwa karibu mara moja na nusu, na hilo ni kweli kwa karibu miti yote. Kinachoelesha gogo ni hewa iliyofungwa kwenye mirija yake. Ukilichemsha, hewa hutanuka na kutoka kwa vipovu. Linapopoa, hewa iliyobaki inasinyaa na kuvuta maji kuingia mahali pake. Kwa hiyo usilitoe likiwa moto. Zima jiko, liache lipoe ndani ya sufuria ileile, likiwa limefunikwa na maji na kukandamizwa kwa jiwe. Anayelitoa moto na kulianika anairudisha hewa ndani na kupoteza nusu ya kazi. Chemsha saa moja au mbili, lipoe, mwaga maji meusi, rudia mpaka maji yawe mepesi. Tumia sufuria kuukuu, maana tanini haitoki kirahisi.

Gogo lisiloingia kwenye sufuria limwagie maji yanayochemka pande zote, kisha lizamishe kwenye pipa na ubadilishe maji kila siku mbili tatu kwa wiki kadhaa. Ni njia ya polepole lakini nzuri, na kwa mti mkubwa ndiyo pekee. Usiliingize kwenye oveni: gogo kavu huweza kushika moto, na lenye unyevu hupasuka.

Kuhusu dawa ya klorini ya kufulia, ushauri wangu ni kuiacha. Mti huinywa, huishikilia ndani, na kuitoa siku ambayo samaki wameshaingia. Maji yanayochemka yanatosha kuua mayai ya konokono, wadudu na karibu kila kitu kingine kinachokusumbua.

Wakati wa kulipanga, usilikaze kati ya kioo na kioo. Mti ukinywa maji hutanuka, si kwa urefu bali kwa upana, na unaweza kuongezeka hata asilimia 8 kukatiza nyuzi. Gogo lililoingia kwa kubana likiwa kavu linaweza kupasua kioo au kufungua gundi ya kona. Acha nafasi. Lililo jepesi lifunge kwa skrubu isiyoshika kutu kwenye bamba la jiwe, ulifukie kwenye mchanga. Pleko mkubwa ana nguvu, na atalisukuma lililosimama vibaya mpaka lianguke.

Chunguza matundu kwa makini zaidi kuliko kitu kingine. Miiba ya mapezi ya pleko hufunguka kuelekea nje, na wengine wana vijiba pembeni ya mashavu vinavyosimama akitishwa. Akiingia kwenye tundu linalombana huweza kwenda mbele tu, hawezi kurudi nyuma, na hufia humo. Tundu liwe pana kumpita kwa wazi au liwe dogo asiweze kuingiza kichwa. La katikati lizibe au lipanue. Kwa dume wa Ancistrus, pango lililozidi upana wake kidogo tu, lililofungwa upande mmoja, ndilo atakalolichagua kuzalia. Umbo hilo ni salama kwa sababu halimbani, na anaweza kutoka.

Siku chache baada ya gogo kuingia utaona kamasi nyeupe, ya kung'aa, imelifunika. Usilitoe na kulitupa. Ni kuvu na bakteria wanaomaliza sukari za mwisho za mti, na huisha zenyewe kwa wiki mbili hadi nne. Ancistrus mara nyingi ataila yote ndani ya siku kadhaa. Ongeza mwendo wa hewa kwa pampu katika kipindi hicho, na kama kamasi ni nene mno isugue kwa brashi chini ya bomba. Inayotakiwa kukutia wasiwasi ni ile yenye harufu mbaya, nyeusi au ya kijivu, inayorudi mwezi baada ya mwezi. Hiyo inasema mti unaoza kwa ndani.

Baada ya hapo kazi ni ndogo. Unga wa mbao huziba sponji ya chujio mapema kuliko unavyotarajia, hasa ukiwa na Panaque, kwa hiyo isuuze kila wiki kwa maji yaliyotolewa tangini, si ya bomba yenye klorini. Vuta kinyesi sakafuni kwa mpira kila unapobadilisha maji. Pima KH, yaani kiasi cha kaboneti majini, mara moja kwa mwezi kama maji yako ni laini. Gogo la mpera lenye Ancistrus litakaa miaka. La Panaque litaanza kuwa jembamba na kulegea kabla ya hapo, na siku kucha ikizama ndani yake ni la kutolewa. Tafuta la pili mapema, uliloweke kwenye pipa huku la kwanza likiendelea kutumika, na uyaweke yote mawili pamoja tangini kwa wiki tatu au nne kabla ya kuondoa la zamani, ili utando usikatike na vitoto wasikose pa kula.